Maswali ya Wasomaji: Tija Imepanda, Mshahara Je?

Barua za safari hii karibu zote zinagombana na namba: tija, mishahara, ajira, pengo la kipato. Kwenye mifano ya kubuni tumetumia "sarafu", si fedha ya nchi yoyote. Shika kalamu, maana hesabu nyingi hapa utaweza kuzihakiki mwenyewe.

Meneja wetu hubandika ukutani kila mwezi namba anayoiita tija: mauzo ya mwezi, gawa kwa idadi ya wafanyakazi. Tangu mbao zianze kukatwa nje ya karakana namba imepaa, naye anajisifu. Sisi tuliobaki tunapiga randa kama zamani. Hesabu yake ni sahihi?
*Fundi seremala*

Si sahihi, na kosa liko juu na chini ya mstari wa kugawa. Juu ameweka mauzo, ilhali ndani ya mauzo mna jasho la watu wengine: aliyepasua gogo, aliyetengeneza gundi, na sasa huyo anayewakatia mbao. Chini ameweka vichwa, na vichwa havisemi watu wamefanya kazi saa ngapi. Panapotakiwa mauzo weka thamani iliyoongezwa, yaani thamani ya mlichotengeneza ukitoa kila kilichonunuliwa nje ili kukitengeneza. Panapotakiwa vichwa weka saa zilizofanyiwa kazi kweli, bila likizo na siku za ugonjwa, hata kama zimelipwa, na pamoja na saa za ziada.

Tuseme mnatengeneza meza 500 kwa mwezi na kila moja inauzwa sarafu 80. Mauzo ni 40,000. Mbao, gundi, skrubu, vanishi na umeme ni 24,000. Thamani iliyoongezwa ni 16,000. Mko kumi, kila mmoja saa 160, jumla saa 1,600. Tija ni sarafu 10 kwa saa.

Sasa wakataji wawili wanaondolewa na kazi yao inapelekwa nje kwa sarafu 3,200. Meza ni zilezile 500. Kwa kanuni ya meneja, tija imetoka 4,000 kwa kichwa (40,000 gawa kwa 10) hadi 5,000 (40,000 gawa kwa 8), yaani imepanda kwa 25%. Kwa kanuni sahihi, thamani iliyoongezwa ni 40,000 toa 24,000 toa 3,200, inabaki 12,800. Igawe kwa saa 1,280, unapata 10 ileile. Mzigo umehama jengo tu.

Mtego wa pili ni bei. Mwaka ujao meza ikiuzwa 88 na malighafi zisipande, thamani iliyoongezwa itaruka kutoka 16,000 hadi 20,000. Bei imepanda kwa 10%, "tija" imepanda kwa 25%, na hakuna meza hata moja iliyoongezeka. Ndiyo maana wanatakwimu hupiga hesabu kwa bei za mwaka mmoja wa msingi: bidhaa kwa bei zake za mwaka huo, na malighafi vilevile kwa bei zake. Mtego wa tatu ni stoo. Hesabu meza zilizotengenezwa, si zilizouzwa, la sivyo mwezi wa mauzo mabaya utaonekana ni mwezi wa mafundi wavivu.

Na hata ukipata namba safi, haikuambii nani kaileta. Msumeno mpya ukipandisha tija ya saa, fundi hajawa hodari zaidi. Mchumi Robert Solow alijaribu kutenganisha vitu hivyo mwaka 1957 kwa takwimu za Marekani za 1909 hadi 1949. Pato kwa saa lilikuwa limeongezeka takriban maradufu, na mitaji zaidi kwa kila mfanyakazi ilieleza kama moja ya nane tu ya ongezeko hilo. Saba za nane zilizobaki aliziita mabadiliko ya kiufundi. Moses Abramovitz, aliyekuwa ameshaliona fungu hilo mwaka mmoja kabla, alikuwa mkweli zaidi: alisema ni kipimo cha ujinga wetu.

Nimeona grafu inayodai kwamba Marekani tija imepanda sana tangu miaka ya 1970 huku malipo ya mfanyakazi wa kawaida yakibaki nyuma. Nikaona nyingine inayodai vimepanda bega kwa bega. Nani anadanganya?
*Mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa pili*

Si lazima awepo mwongo. Grafu zote mbili zinaweza kutoka kwenye takwimu zilezile za serikali. Angalia mchoraji kachagua nini katika mambo manne.

La kwanza ni malipo ya nani. Grafu nyingi za pengo kubwa hutumia wafanyakazi wa uzalishaji na wasio wasimamizi, ambao ni kama wanne katika kila watano wa sekta binafsi. Grafu za "bega kwa bega" huweka kila mtu, pamoja na wakurugenzi.

La pili ni malipo gani. Mshahara mtupu, au mshahara pamoja na bima ya afya na michango ya pensheni anayolipa mwajiri? Bima imekula sehemu kubwa ya nyongeza za Wamarekani, kwa hiyo mshahara mtupu hukuza pengo. Sisi tunaona bima ni malipo na iingizwe, ingawa mfanyakazi hawezi kununulia unga.

La tatu ndilo wengi wanalipita: bei zipi zimetumika kuondoa mfumuko. Tija hupimwa kwa bei za vitu vinavyozalishwa nchini. Mshahara kwa bei za vitu anavyonunua mfanyakazi. Kodi ya nyumba ni mzigo mzito kwenye kapu la mlaji, wakati kompyuta na mitambo iliyoshuka bei ni sehemu kubwa zaidi ya kapu la mzalishaji. Kapu la mlaji limepanda bei haraka zaidi, na tofauti hiyo peke yake inafungua mwanya kabla hata ya kumgusa mwajiri.

La nne ni wastani au mtu wa katikati (mediani). Chukua wafanyakazi watatu wanaolipwa 10, 20 na 30. Wastani ni 20, wa katikati ni 20. Tija inapanda kwa 20%. Mwaka ujao wanalipwa 10, 20 na 42. Wastani umekuwa 24, umepanda kwa 20% kamili. Mwenye grafu ya wastani atakuapia kwamba malipo yamefuata tija, naye hatakuwa amesema uongo. Lakini wawili kati ya watatu hawajaona hata sarafu moja.

Ukisawazisha yote hayo, pengo linapungua lakini haliishi. Kinachobaki kina vipande viwili. Kikubwa ni hicho cha wastani kumwacha mtu wa katikati, yaani nyongeza kwenda kwa walioko juu. Kingine ni fungu la wafanyakazi katika pato lote. Mchumi Nicholas Kaldor, katika miaka ya 1950, alilichukulia fungu hilo kama kitu kisichobadilika. Tangu mwanzo wa karne hii limeshuka Marekani. Hapo nako kuna ubishi wa kipimo: mwenye duka anayejiajiri, kipato chake ni ujira au ni faida? Lazima mtu akate kwa makadirio, na kila anayekata hukata pake.

Kuhusu sababu, usimwamini anayekupa moja. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na karibu theluthi moja ya waajiriwa wa Marekani katikati ya miaka ya 1950. Leo ni takriban 10%. Kuna pia nguvu ya mwajiri sokoni, jambo ambalo mchumi Joan Robinson alilieleza tangu 1933: mnunuzi wa kazi akiwa mmoja au wachache, anaweza kulipa chini ya thamani anayozalisha mfanyakazi bila kumpoteza, kwa kuwa hana pa kwenda. Na kuna kompyuta, ambazo zimemeza kazi za kufuata hatua zilezile kila siku, kama za ukarani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa katikati ya ngazi ya mishahara.

Ripoti inasema wastani wa mshahara ulipanda mwaka ambao watu walikuwa wakifukuzwa kazi. Inawezekanaje?
*Karani wa mishahara*

Inawezekana kirahisi mno. Watu kumi: sita wanalipwa 10 kwa saa, wanne wanalipwa 30. Wastani ni 18. Watatu wa mshahara wa 10 wanapunguzwa. Waliobaki saba wanagawana 150, wastani 21.4. "Mishahara imepanda kwa 19%", na hakuna aliyeongezwa. Ndivyo ilivyotokea Marekani mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli na mikahawa. Tiba ni kuwafuatilia watu walewale waliokuwa kazini vipindi vyote viwili, na kulinganisha kila mmoja na nafsi yake.

Vijana wamejaa, hawana kazi, lakini takwimu inasema ukosefu wa ajira ni asilimia tano. Hii tano wanaipata wapi?
*Mzazi*

Wanaipata kwenye maswali ya dodoso, ambayo yamepangwa kimataifa na Shirika la Kazi Duniani. La kwanza: ndani ya wiki iliyotajwa, ulifanya kazi walau saa moja kwa malipo au kwa faida? Ukisema ndiyo, hata kama ni kupakua lori asubuhi moja, umeajiriwa. Ukisema hapana (na huna kazi ambayo umeiacha kwa muda tu, kama likizo), linakuja la pili: katika wiki nne zilizopita ulifanya juhudi yoyote kutafuta kazi? Na la tatu: ukipewa kazi sasa, unaweza kuanza ndani ya wiki mbili? Ni lazima mawili haya yote yajibiwe ndiyo ndipo uitwe asiye na ajira. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta anatoka kwenye hesabu kabisa, juu na chini ya mstari.

Angalia kinachofuata. Kati ya watu wazima 1,000, walioajiriwa ni 540, wanaotafuta ni 60. Nguvu kazi ni 600, na ukosefu wa ajira ni 60 gawa kwa 600, yaani 10%. Kisha 30 wanachoka kutafuta. Sasa ni 30 gawa kwa 570, yaani 5.3%. Kiwango kimeshuka karibu nusu, na hakuna aliyepata kazi.

Kwa hiyo ukiona kiwango kimeshuka, uliza namba mbili zaidi. Ya kwanza ni walioajiriwa kwa watu wazima wote. Katika mfano wetu imekaa palepale, 54%. Ya pili ni kipimo kipana ambacho wanatakwimu hukiita LU4. Juu unaweka wasio na ajira, wenye saa chache wanaotaka zaidi, na wale wanaotaka kazi ila hawatafuti, au wanatafuta ila hawawezi kuanza mara moja. Chini unaweka nguvu kazi pamoja na hilo kundi la mwisho. Tuseme kati ya wale 540, watu 90 wana saa chache, na wale 30 waliochoka bado wanaitaka kazi na wako tayari kuianza. Kabla: 60 na 90, gawa kwa 600, ni 25%. Baada: 30, 90 na 30, gawa kwa 600, ni 25% ileile. Kipimo hiki hakikudanganyika.

Kuna jambo jingine la kuangalia ukilinganisha miaka. Oktoba 2013, mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, uliofanyika Geneva, uliamua kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani anafanya kazi, naam, lakini hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Nchi yenye wakulima wengi wa namna hiyo ikihamia fasili mpya, ajira "inaporomoka" usiku mmoja bila jembe lolote kuwekwa chini. Tafuta kwenye maelezo ya ripoti ni fasili ipi imetumika kabla ya kuchora mstari unaovuka mwaka wa mabadiliko. Halafu kumbuka kwamba pasipo na fidia ya ukosefu wa kazi, wachache sana wanamudu kukaa bila kufanya lolote. Mtu atauza hata karanga saa mbili kwa siku, na dodoso litamwandika ameajiriwa.

Naomba hatua za kukokotoa kipimo cha Gini, niwafundishe wanafunzi bila kuwachorea mkunjo.
*Mwalimu wa hesabu*

Kipimo hiki cha pengo la kipato, alichokibuni Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912, huenda kutoka 0 (wote sawa) kukaribia 1 (mmoja kachukua vyote). Wape kaya tano zenye 10, 20, 30, 40 na 100. Panga kutoka dogo hadi kubwa. Zidisha kila kipato kwa nafasi yake: 10×1, 20×2, 30×3, 40×4, 100×5. Jumla ni 800. Izidishe kwa 2, upate 1,600. Igawe kwa idadi ya kaya mara jumla ya vipato, yaani 5×200 = 1,000, upate 1.6. Kisha toa idadi jumlisha moja, gawa kwa idadi: 6/5 = 1.2. Jibu ni 0.4.

Makosa ya darasani ni mawili. Wanasahau kupanga, na jibu linaweza hata kuwa hasi. Au wanatumia vipato vya makundi (wastani wa kila sehemu ya tano ya watu) kana kwamba ni vya kaya moja moja, na tofauti zilizomo ndani ya kila kundi zinafutika. Gini inatoka ndogo kuliko ilivyo.

Makosa ya wakubwa ni mazito zaidi. Kwa Marekani peke yake utakuta karibu 0.49 kwa mahali pamoja na karibu 0.4 kwa pengine, na zote ni sahihi: ya juu ni kipato cha fedha cha kaya kabla ya kodi, ya chini ni baada ya kodi na ruzuku, kikiwa kimerekebishwa kwa ukubwa wa kaya. Marekebisho ya kawaida ni kugawa kipato cha kaya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, kwa hiyo kaya ya wanne wenye 200 inahesabiwa kama 100 kwa kila mmoja. Nchi nyingine hupima matumizi badala ya kipato, na matumizi kwa kawaida hutoa Gini ndogo, kwa kuwa matajiri huweka akiba na maskini hukopa. Ukiweka Gini ya matumizi ya nchi moja kando ya Gini ya kipato ya nchi nyingine, umelinganisha mafuta na maji.

Na matajiri hawajazi dodoso. Wachache wakikosekana kwenye sampuli, kilele chote kinakatika. Thomas Piketty na Emmanuel Saez, katika utafiti wao wa 2003, walilikwepa tatizo hilo kwa kutumia marejesho ya kodi ya Marekani kuanzia 1913. Huko nako, anayekwepa kodi haonekani.

Kima cha chini cha mshahara kikipanda, ajira zinapotea au hazipotei?
*Mwenye mgahawa*

Inategemea kimepanda hadi wapi ukikilinganisha na mshahara wa mtu wa katikati. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Pennsylvania, jirani, haikugusa. Wachumi David Card na Alan Krueger waliihoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada, wakamhesabu mfanyakazi wa muda kama nusu mtu. New Jersey wastani ulitoka watu 20.44 kwa mgahawa hadi 21.03. Pennsylvania ulishuka kutoka 23.33 hadi 21.17. Toa badiliko la jirani kwenye badiliko la aliyeguswa, unapata ongezeko la karibu watu 2.75 palipotarajiwa upungufu. Ukitazama New Jersey peke yake utaona kama 0.6 tu, jirani ndiye anayekuonyesha hali ingekuwaje bila sheria.

David Neumark na William Wascher waliurudia kwa daftari za mishahara za migahawa wakapata kinyume; Card na Krueger wakajibu kwa takwimu za serikali wakaona athari ndogo au hakuna. Card alipewa sehemu ya Nobeli mwaka 2021, Krueger akiwa ameshafariki. Utafiti mpana zaidi, wa Doruk Cengiz na wenzake mwaka 2019, ulichukua mabadiliko 138 ya majimbo ya Marekani na kuhesabu kazi zilizotoweka chini ya kima kipya na zilizotokea kwenye kima hicho na juu yake kidogo. Zilikaribia kulingana, kwa vima vilivyofika hadi kama 59% ya mshahara wa mtu wa katikati.

Kwa hiyo gawa kima kinachopendekezwa kwa mshahara wa katikati wa eneo lako, si wa nchi nzima. Kima kinachokuwa 45% ya mshahara wa katikati jiji kuu kinaweza kuwa 80% wilaya ya pembeni, na utafiti huo hauna la kukuambia kuhusu 80%.

Kunyoa nywele kunachukua dakika zilezile za miaka thelathini iliyopita. Mbona bei inapanda kila mara, na simu zinashuka?
*Kinyozi*

Kwa sababu kinyozi angeweza kuwa fundi wa kiwandani. Tija ya kiwanda ikipanda na mishahara ya huko ikapanda, kinyozi asiyeongezwa ataondoka. Wanaobaki kwenye viti lazima walipwe zaidi, na kwa kuwa dakika hazipungui, nyongeza inaangukia bei. William Baumol na William Bowen waliligundua hili mwaka 1966 wakichunguza sanaa za jukwaani: muziki wa wapiga ala za nyuzi wanne bado unahitaji watu wanne na dakika zilezile. Walimu na wauguzi wako kwenye mtumbwi huohuo. Waziri anayelalamika kwamba gharama za shule zinapanda bila "tija" kupanda anailaumu shule kwa mafanikio ya kiwanda.